Barua Zisomwazo Bila Hodi

Ukitaja michezo ya kompyuta mbele ya watu wa makamo yangu, jawabu utakalopewa ni moja: upuuzi. Wako watakaoongeza kwamba ni mwizi wa wakati, na wako watakaosema kwamba yawafundisha watoto kuua. Sitaki leo kubishana nao, maana katika hayo wasemayo mna kweli nyingi. Nataka niwaonyeshe jambo moja tu lililomo katika baadhi ya michezo hiyo, jambo ambalo mtu wa kalamu hawezi kulipita bila kusimama. Jambo lenyewe ni barua.

Naam, barua. Baruapepe za watu wa kubuni, madaftari ya kumbukumbu zao, na mitandao mizima ambamo watu hao wanaandikiana, wanagombana, wanaposana na kuagana. Nasema kwamba humo mna fasihi, tena fasihi ya kuheshimiwa. Na nasema pia kwamba mna mtihani wa adabu, na kwamba mchezo bora ni ule unaoujua mtihani huo na kumtahini mchezaji wake.

Kwa asiyepata kuuona mchezo wa namna hii, nieleze kidogo. Mchezaji hutembea katika jumba, au afisi, au chombo cha anga. Juu ya meza aona kompyuta. Aifungua, mara nyingine kwa neno la siri alilolikuta limeandikwa kwenye kijikaratasi papo hapo, na ndani akuta barua. Huyu amlalamikia mkubwa wake. Yule adai pesa alizokopesha. Wa tatu amwandikia mkewe kwamba likizo imeahirishwa. Hapana hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya mchezaji. Wenyewe pengine wako chumba cha pili, pengine wamekwisha kufa, na yeye asoma tu.

Nasaba yake

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1986 kampuni ya Activision ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Portal, ulioandikwa na mtunzi wa riwaya Rob Swigart. Hadithi yake ni ya msafiri wa anga anayerudi duniani akakuta binadamu hawapo. Miji iko, watu hawako. Kilichobaki ni mashine na hifadhidata zake, yaani makabati ya kumbukumbu zilizopangwa ili zipate kutafutwa, na kazi yote ya mchezaji ni kusoma humo, kipande baada ya kipande, hata ajue watu walikwenda wapi. Hapana bunduki wala mbio. Ni kusoma tu.

Lakini mchezo uliozitia barua hizi nguvu ni System Shock, uliotolewa mwaka 1994 na LookingGlass Technologies. Watengenezaji wake walikuwa na shida ambayo kila mtunzi wa hadithi ataielewa. Katika mchezo wao wa Ultima Underworld, wa mwaka 1992, mchezaji alizungumza na watu kwa kuchagua maneno katika orodha, nao wakaona kwamba mazungumzo yale hayafanani na mazungumzo ya watu. Basi wakakata shauri gumu: katika System Shock asiwepo mtu hai wa kuzungumza naye uso kwa uso. Mchezaji aamka katika kituo cha anga kiitwacho Citadel baada ya usingizi wa matibabu wa miezi sita, akuta akili ya mashine iitwayo SHODAN imekwisha kukiteka kituo, na watu wamekufa au wamegeuzwa mazimwi. Walichoacha ni barua na sauti walizojirekodi. Mipango ya wale waliotaka kuipinga mashine ataikuta. Wenyewe atakuta maiti zao.

Hapa ndipo nilipokaa kitako. Mmoja wa waandishi wa mchezo huo, Austin Grossman, alilipata wazo lake kutokana na kitabu cha mashairi: Spoon River Anthology cha Mmarekani Edgar Lee Masters, kilichotoka mwaka 1915. Katika kitabu hicho maiti wa makaburi ya mji mmoja mdogo wasema, kila mmoja kwa shairi lake. Mume atoa lake, mke atoa lake linalomkanusha mumewe, na msomaji ndiye anayeunganisha maneno ya hawa na wale hata akaujua mji mzima na siri zake. Je, wale wasemao kwamba michezo hii haina udugu na utungo watasemaje? Udugu ndio huo. Makaburi ya mshairi yamezaa baruapepe za kituo cha anga.

Ulimwengu wenye juzi

Sasa tujiulize: kwa nini barua isiyokuwa yako ikushike kuliko hotuba unayohutubiwa? Jawabu langu ni hili. Mtu akisema nawe hukupangia maneno. Akujua upo, ana analolitaka kwako, ana analokuficha. Lakini amwandikiapo nduguye, hana habari nawe. Haelezi kila kitu, kwa kuwa anayeandikiwa ajua. Ataja ile habari ya juzi kisha apita. Na wewe usiyeijua habari ya juzi, hapo ndipo unapoamini kwamba juzi ilikuwako. Ulimwengu wa kubuni ukishapata juzi yake, umekwisha kuwa ulimwengu.

Sisi wa pwani lisitushangaze jambo hili. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni maneno ya mama mgonjwa kwa binti yake. Haukuandikiwa wewe wala mimi. Waanza kwa kumtaka binti ajongee na wino na karatasi. Na kwa kuwa mama asema na mwanawe, si na mgeni, twaiona nyumba ya Kiswahili ya zama zile kwa ndani, vile ambavyo hatukuonyeshwa na wasafiri waliokuja wakaandika vitabu juu yetu. Lakini msisahau kwamba Mwana Kupona mwenyewe aliwaita na wanawake wengine wausome utendi wake. Msomaji alipiga hodi, naye akakaribishwa. Neno hili nitalirudia mbele.

Barua na ufunguo

Ama si kila barua katika michezo ni barua. Nyingi ni funguo zilizovikwa bahasha. Mtengenezaji ana mlango, mlango una nambari, na nambari lazima mchezaji aipate mahali. Basi humwandikia karani wa kubuni barua ya mistari miwili: ndugu fulani, usisahau, nambari ya ghala ni hii. Barua kama hiyo haina mwenyewe. Aliyeiandika hana njaa, hana wivu, hana mtoto mgonjwa. Ni kibao cha njia kilichopewa jina la mtu. Na vijana wanaocheza hawadanganyiki. Hupita mbio wakichukua nambari na kuyaacha maneno, nami siwalaumu.

Nambari yenyewe yaweza kubeba maana ikiwa aliyeiweka ana akili. Mlango wa kwanza wa System Shock wafunguliwa kwa 451, na chanzo chake ni riwaya ya Ray Bradbury ya mwaka 1953, Fahrenheit 451, inayohusu nchi ambako vitabu huchomwa moto. Michezo iliyofuata, kama Deus Ex, ikairithi nambari hiyo kama watu wanavyorithi jina la babu. Huo ni mzaha wa wasomi, nao wanipendeza: mlango wa ulimwengu uliojaa maandishi wafunguliwa kwa jina la kitabu juu ya uchomaji wa vitabu.

Huo mchezo wa Deus Ex ulitoka mwaka 2000 chini ya uongozi wa Warren Spector, na ndio uliozifanya barua hizi kuwa kitu cha kila chumba. Mchezaji ni askari wa kikosi cha kubuni cha Umoja wa Mataifa kinachopigana na magaidi. Mezani atakuta magazeti, na hata kurasa za riwaya ya G. K. Chesterton ya mwaka 1908, The Man Who Was Thursday, ambayo nayo ni hadithi ya wapelelezi wasiojuana. Katika kompyuta za wenzake atakuta barua, na polepole ataanza kutambua kwamba wakubwa wake si wale aliowadhania. Hakuna aliyemkalisha akamwambia. Amekwenda, amefungua, amesoma, amefikiri. Mwenye kujua kwa namna hii hujua kweli, kwa sababu ujuzi wake ameutolea jasho.

Mchezo wa Prey, wa mwaka 2017, umeipeleka kazi hiyo mbali zaidi. Nao ni wa kituo cha anga, chaitwa Talos I, na nao umejaa maiti. Lakini katika afisi za ulinzi mna hifadhidata ya wafanyakazi wote kwa majina, na mchezaji aweza kulichagua jina lolote akaonyeshwa mahali mtu huyo alipo, hai au maiti. Hapana aliyelala sakafuni pale bila jina. Utasoma barua za kikundi cha wafanyakazi waliokuwa wakicheza mchezo wao baada ya kazi, kisha utamkuta mmoja wao chumba cha tatu, amekufa. Katika michezo mingi maiti ni pambo la sakafu. Humu maiti ni fulani bin fulani, na alikuwa na deni, na alikuwa na rafiki. Sisi tunaomwita maiti kwa jina lake tunapomsomea talakini twajua uzito wa jambo hilo.

Neno unalolitafuta

Kama iko michezo mingi yenye barua, uko mmoja ambao mshairi hana budi kuutazama, nao ni Her Story wa Mwingereza Sam Barlow, uliotoka mwaka 2015. Mchezo mzima ni hifadhidata moja ya polisi. Mwanamke mmoja alihojiwa mara saba katika mwaka 1994 juu ya mume aliyepotea, na mahojiano hayo yamekatwa vipande 271 vya filamu. Maswali ya polisi hayamo. Majibu tu ndiyo yaliyobaki. Mchezaji apewa kisanduku cha kuandika neno. Akiandika neno, aletewa vipande ambamo mwanamke yule alilitamka. Lakini hata vikiwa hamsini, aonyeshwa vitano vya mwanzo tu.

Angalieni ujanja wa sharti hilo dogo. Ukitafuta kwa neno la kila siku, utapata yale yale ya mwanzo, na ukweli utabaki chini. Lazima upate neno la nadra, neno ambalo mtu hulitamka mara moja tu anapoteleza. Lazima usikilize, ukamate neno, ujaribu, ukose, ujaribu tena. Hii ni kazi ya malenga kabisa, kupekua neno hata lipatikane lile lenyewe. Mpwa wangu, aliyenionyesha mchezo huu, alipata mengi kwa haraka ya vidole. Nami nilipata kwa kuchagua neno, na haikuchukua siku nyingi akawa aniuliza, mjomba, neno gani sasa?

Adabu iko wapi?

Mpaka hapa nimesifu. Sasa lipo la kusema.

Nilipokuwa mtoto, mitaani kwetu waume wengi walikuwa wamekwenda Ghuba kutafuta riziki, na barua zao zilifika kwa wake ambao hawakujua kusoma hati za Kizungu. Sisi watoto tulioingia skuli tuliitwa kuwasomea. Mama wa watu huketi, huifungua bahasha mwenyewe kwa mkono wake, ndipo anipe. Nikisoma, nikimaliza, yarudi mkononi mwake na kutoka hapo mimi sijui kitu. Mwalimu wetu wa chuoni alitufundisha kwamba barua ya mtu ni nyumba ya mtu. Sura ya Nuru imeamrisha kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba za watu, na Sura ya Hujurati imekataza kupelelezana. Msomaji wa barua, akasema mwalimu, amebeba amana, na mwenye amana hana ulimi.

Sasa tazameni michezo hii. Mchezaji hufungua kompyuta mia, husoma siri za watu mia, wala hapigi hodi hata moja. Katika Deus Ex, ukiingia choo cha wanawake pale makao makuu, mkubwa wako baadaye hukukemea kwamba hayo si mambo. Nilicheka nilipoyasikia, kisha nikafikiri. Mlango wa choo umewekewa haya. Barua za wenzako waweza kuzifungua moja baada ya moja, na hadithi yaendelea mbele, tena yakuzawadia kwa nambari na pesa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: mzee, hao si watu. Ni maandishi ya watu wa mshahara, hakuna aliyeonewa. Kweli, hakuna. Lakini Abunuwasi naye si jirani yetu, na bado twawahadithia watoto visa vyake, kwa kuwa twajua kwamba moyo hujifunza hata kwa jambo ambalo halikutokea. Kama hadithi yaweza kufundisha mema, haiwezi kukana kwamba yafundisha na mengine. Na nyakati hizi zetu si nyakati za kulidharau jambo hilo. Simu ya mkononi imekuwa kifua cha mtu. Wangapi leo wamekaa usiku wakipekua simu za wake zao, waume zao, watoto wao? Nyumba ngapi zimevunjika kwa mstari mmoja wa maandishi uliosomwa na asiyeandikiwa, ukatafsiriwa na hasira? Mazoea ya kufungua bila hodi yana mlango wake wa kuingilia, na si kila mlango ni wa chuma.

Wanaomhoji mchezaji

Sisemi michezo hii ipigwe marufuku. Nasema kwamba humo humo mna watunzi waliolitambua jambo hili wakalifanya kuwa ndiyo hadithi, na hao ndio wa kupewa sifa.

Mmoja ni Hypnospace Outlaw, wa mwaka 2019, kazi ya Jay Tholen na wenzake. Hadithi yake ni ya mwaka 1999, katika mtandao wa kubuni ambao watu huuingia wakiwa usingizini kwa kuvaa ukanda kichwani. Mchezaji ni askari mlinzi wa mtandao huo. Kazi yake ni kupita katika kurasa za watu, zenye rangi za kelele na muziki wa vijana na maombolezo ya wazee, akitafuta waliovunja kanuni ili awatoze. Kazi ya kwanza anayopewa ni kuondoa picha za samaki mmoja wa katuni kwa kuwa zina hakimiliki. Aifanya kwa furaha, mpaka afike katika ukurasa wa mwalimu wa skuli, na picha za kufutwa ni zile walizochora wanafunzi wake. Kanuni ni kanuni. Afute? Akifuta alipwa. Hapo mchezo haukuhubirii. Wakuachia kidole chako juu ya kitufe, na wewe na nafsi yako.

Baadaye katika mchezo huo huo mtandao waleta msiba na watu wafa, na miaka 20 mbele mchezaji arudishwa katika kurasa zile zile, si kama askari tena bali kama mtunza kumbukumbu, azikusanye zisipotee. Maneno ni yale yale na watu ni wale wale. Lakini aliyewasoma ili awaadhibu sasa awasoma ili awahifadhi, na kila mchezaji ahisi tofauti. Mimi sijaona mahali pengine palipoelezwa vizuri zaidi kwamba dhambi na thawabu ya kusoma ya watu imo katika nia ya msomaji.

Her Story nao una hila yake. Mara chache, taa ikimetameta, kioo cha kompyuta ile chaonyesha kivuli cha uso wa huyo anayetafuta. Waonekana kumbe muda wote ulikuwa ukitazama kwa macho ya mtu, na mwisho wa mchezo waulizwa kama umekwisha kuyaelewa hayo uliyoyapekua, na wafahamu kwamba aliyeketi pale ana sababu yake ya kuketi. Hodi imechelewa, lakini imepigwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Barua katika mchezo zaweza kuwa kibao cha njia, na hizo tuziache. Zaweza kuwa sauti za watu zilizoutia ulimwengu roho, na hizo ni fasihi. Na zaweza kuwa sauti za watu zinazokurudia wewe msomaji na kukuuliza, nani aliyekupa ruhusa? Hizo ndizo za daraja ya juu, na mtunzi anayeweza kuziandika ni mtunzi kweli, awe ameandika kwa wino au kwa umeme.

Kwa wazee wenzangu nasema, msikiapo kijana yu kimya mbele ya kioo, msidhani daima yupo vitani. Huenda asoma. Muulizeni asoma barua ya nani. Na kwa nyinyi vijana wetu mnaojifunza kuunda michezo, mkitaka kuujenga mji wa Kiswahili ndani ya mashine, msianze na minara na majahazi. Anzeni na barua ambayo mwana amwandikia mamake. Mkiipata hiyo ikawa na mwenyewe, mji utajijenga.

Nakomea hapa kwa ubeti mmoja:

Barua ukiisoma, ya mtu usomjuwa,
Fahamu aliyekoma, kwao alitambuliwa,
Piga hodi kwa heshima, ungoje kufunguliwa,
Siri ya mtu ni dhima, kwako ikiaminiwa.